Uchomeke kila usiku, ujaze mara moja ukiisha, au uende chaja ya kasi? Ulinganisho kwa mwenye gari la umeme

Kaa na wenye magari ya umeme dakika kumi tu, utasikia ubishi ule ule. Mmoja huchomeka gari kila akifika nyumbani, kama anavyofanya na simu. Wa pili anamwona wa kwanza anaharibu mali: yeye husubiri chaji ishuke hadi asilimia 15 ndipo ajaze mpaka 100, akiamini betri imepewa idadi ya kuchomekwa na kila mara inahesabiwa. Wa tatu anakaa ghorofa la nne kwenye ploti ambayo keateka hataki kusikia habari za waya kushushwa dirishani. Huyo huchajia kwenye chaja ya kasi akienda kununua unga, na roho haimtulii kwa sababu ameambiwa kasi inaua betri.

Nitawalinganisha hawa watatu, ila kwa asiye na subira jibu ni hili. Wa kwanza yuko sawa, bora arekebishe jambo moja. Wa pili amekosea hesabu. Wa tatu hofu yake imeizidi hatari yenyewe, isipokuwa kama gari lake ni Nissan Leaf na anaishi Mombasa. Na kama ni hivyo, hata chaja ya kasi siyo mshitakiwa wa kwanza.

Kinachoila betri

Betri ya lithiamu huzeeka kwa kutumika, na huzeeka kwa kukaa tu, hata gari likiwa limefunikwa turubai. Ndani yake, upande wa grafiti, kuna utando mwembamba unaojijenga tangu betri inapochajiwa mara ya kwanza kiwandani. Utando huo ni wa lazima. Tatizo ni kwamba hauachi kunenepa, na kila unaponenepa unameza lithiamu kidogo isiyorudi tena kazini. Vinavyouharakisha zaidi ni viwili: joto, na volti ya juu, yaani betri iliyojaa. Gari lililojazwa 100 saa tatu usiku, likalala hivyo kwenye gereji ya mabati huko Kisauni, likaamka na kuegeshwa juani mpaka mchana, limevipata vyote viwili bila kwenda kilomita hata moja.

Ndiyo maana mimi mtu akiniuliza achaji vipi, namuuliza kwanza gari linalala wapi.

Ushahidi wa hili ulitoka jangwani. Leaf ilianza kuuzwa Japani na Marekani Desemba 2010, ikiwa na betri ya uniti 24 (hizi ni zile zile uniti unazonunua kwa tokeni) isiyo na mfumo wa maji wala feni ya kuipoza. Kufikia 2012, wenye Leaf wa Phoenix, Arizona, walikuwa wakilalamika kwamba vile vipau vidogo 12 vya dashibodi vinavyoonyesha uwezo wa betri vinapotea mapema. Wakaenda mahakamani. Nissan ikakubali kudhamini kwamba betri haitashuka chini ya vipau 9 ndani ya miaka 5 au maili 60,000, na kwa modeli ya 2015 ikaleta betri yenye kemia iliyorekebishwa istahimili joto. Wenye Leaf waliibandika jina: betri ya mjusi.

Maabara ya taifa ya Idaho nayo ilichukua Leaf nne za 2012 ikaziendesha huko huko Phoenix, mbili zikichajiwa polepole, mbili kwa chaja ya kasi. Baada ya maili 50,000 zote nne zilikuwa zimepoteza takriban robo ya uwezo wao. Zile za chaja ya kasi ziliwazidi wenzao kwa asilimia chache tu. Soma hapo mara mbili: namna ya kuchaji ilileta tofauti ndogo, hasara kubwa zote nne ziliipata pamoja, katika mji ule ule wa joto.

Geotab, kampuni ya Kanada inayofuatilia magari ya mashirika, nayo mwaka 2020 iliweka magari mawili ya 2015 bega kwa bega. Leaf, inayopozwa na hewa, ilikuwa ikipoteza wastani wa asilimia 4.2 kwa mwaka. Tesla Model S, inayopozwa na maji, asilimia 2.3. Mfumo wa kupoza peke yake sio sababu yote, lakini sioni sababu nyingine inayoweza kubeba pengo kubwa namna hiyo.

Sasa lirudishe hilo kwetu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na Julai usiku baridi inashuka hadi nyuzi 11 au 12. Hiyo kwa betri ni kama kulala kwenye friji isiyogandisha. Mombasa msimu wa kaskazi mchana unafika nyuzi 32, na usiku hausaidii sana, hauteremki sana chini ya 24. Leaf mbili za mwaka mmoja, moja ya Kitengela na nyingine ya Nyali, haziwezi kupewa ushauri mmoja. Aliyezaliwa Pwani atanisamehe, lakini ningekuwa Nyali nisingenunua Leaf, labda nipate ya bei ya kutupwa na nina banda lenye kivuli na upepo.

Kila usiku au ukiisha?

Tumchukue mtu wa Kitengela anayefanya kazi katikati ya mji. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 60. Leaf ya uniti 40 hula takriban uniti 15 kwa kilomita 100, kwa hiyo kwa siku anatumia uniti 9 hivi, chini kidogo ya robo ya betri.

Akichomeka kila usiku bila kujaza mpaka 100, betri yake inapanda na kushuka, tuseme, kati ya asilimia 50 na 75. Akisubiri iishe, inatoka 100 hadi 15 kwa siku nne, kisha inapanda tena. Umeme uliopita ndani ya betri kwa mwezi ni ule ule kwa wote wawili, na huo ndio betri inaouhesabu. Kuchaji asilimia 20 mara tano ni mzunguko mmoja, sawa na kujaza kutoka sifuri hadi mia mara moja. Plagi kuingia na kutoka si kitu. Tena vipande vidogo vidogo vya katikati huichosha betri kidogo kuliko safari ndefu ya kutoka chini kabisa hadi juu kabisa. Yule anayesubiri haokoi chochote. Anachofanya ni kuipeleka betri kwenye ncha zote mbili, na ikitokea stima imekatika usiku ule aliokuwa na asilimia 15, asubuhi anapanda matatu.

Imani hii ya kuikausha betri ilitoka kwenye simu na redio za zamani zenye betri za nikeli, ambazo kweli zilitaka hivyo. Lithiamu haitaki.

Basi wa kwanza ameshinda, ila lile jambo moja: akichomeka saa moja jioni na kuliacha lijaze mpaka 100, litafika juu usiku wa manane na kukaa limejaa hadi alfajiri. Akifanya hivyo kila siku miaka mitano, betri itazeeka kabla ya wakati. Dawa yake ni kikomo cha 80, au taima.

80 au 100? Hapa aina ya betri ndiyo inayoamua

Magari ya umeme yanayouzwa kwetu yana kemia mbili kubwa. Leaf ya uniti 40 ni ya nikeli, manganizi na kobalti, NMC kwa kifupi. BYD za China karibu zote, Atto 3 na Dolphin zikiwemo, hutumia betri ya chuma na fosfati, LFP, ambayo BYD yenyewe huiita Blade tangu 2020. Hata mabasi ya BasiGo yaliyoanza kubeba abiria Nairobi mwaka 2022 yalitoka kwa BYD. Mtu akikwambia "usizidishe 80" bila kukuuliza gari gani, huyo amekariri.

| | Leaf ya uniti 40 (NMC, hewa tu) | Gari la LFP lenye mfumo wa kupoza betri |
|---|---|---|
| Kila siku | 80, au hata 70 ukiwa Pwani | 80 hadi 90 inatosha |
| Kujaza 100 | Siku ya safari tu, na uondoke mara | Takriban mara moja kwa wiki |
| Kulala imejaa | Epuka | Si vizuri, lakini haiumi sana |
| Asilimia za dashibodi | Huaminika kiasi | Hupotoka usipojaza mara kwa mara |
| Chaja ya kasi mara mbili siku moja | Itapunguza kasi yenyewe | Hainuni |
| Kuishi Mombasa au Dar | Mashaka | Sawa |

Safu ya LFP inahitaji maelezo kidogo, maana watu wameielewa kupita kiasi. Volti ya LFP haibadiliki sana kutoka asilimia 20 hadi 90, imelala kama meza. Kompyuta ya gari inapata taabu kujua iko wapi, kama mtu anayepima maji ya tangi kwa kuligonga. Ikijazwa hadi 100 volti hupanda ghafla na kompyuta inapata alama ya kuanzia. Ndiyo sababu Tesla huwaambia wenye magari yake ya LFP wajaze 100 angalau mara moja kwa wiki. Kutokana na hapo likatoka neno kwamba LFP "hupenda" kujazwa. Haipendi. Maabara ya Jeff Dahn kwenye Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, ilichapisha mwaka 2024 kwamba seli za LFP zilizozungushwa karibu na kujaa huchakaa haraka kuliko zilizozungushwa chini. Unajaza ili kipimo kiseme kweli, siyo kwa afya ya betri. Hata hivyo LFP inaanza na maisha marefu ya mizunguko kiasi kwamba mwenye kujaza kila siku hatajuta kama atakavyojuta mwenye NMC.

Kuhusu Leaf kuna kichekesho. Leaf za mwanzo zilikuwa na kitufe cha kusimamisha chaji kwenye 80. Huko Marekani Nissan ilikitoa kwa modeli ya 2014, kwa sababu wakala wa serikali aliyepima umbali wa gari alikuwa akichukua wastani wa 80 na 100, na namba ya tangazo ikawa ndogo. Kitu cha kulinda betri kiliondolewa ili karatasi ya dukani ipendeze. Kama Leaf yako haina kitufe hicho, piga hesabu ya saa. Kebo ya kawaida ya nyumbani ya ampea 10 hutoa kilowati 2.4 hivi. Kutoka 40 hadi 80 ni uniti 16. Ongeza kinachopotea njiani, ni kama saa saba na nusu. Weka taima ianze saa tano usiku, saa kumi na mbili unusu gari liko tayari na halijakaa limejaa hata kidogo. Siku mbili tatu utakosea, kisha mkono utazoea.

Anayekaa Limuru au Ngong ana sababu nyingine ya kuogopa 100. Gari la umeme likishuka mlima hurudisha umeme kwenye betri na breki zinapumzika. Betri ikiwa imejaa haina pa kuuweka, kwa hiyo unateremka mpaka mjini ukitumia pedi za breki kama mwenye petroli. Ondoka na 80, uje upokee zawadi ya mteremko.

Polepole au kasi?

Haraka haraka haina baraka, na hapa msemo una haki nusu. Recurrent, kampuni ya Marekani inayopima betri za magari yaliyotumika, mwaka 2023 ililinganisha Tesla zaidi ya 12,500. Waliotumia chaja ya kasi angalau asilimia 70 ya mara zote hawakuwa na tofauti ya maana na waliotumia chini ya asilimia 30. Lakini Tesla huipoza betri kwa maji na kuiandaa kabla hujafika kwenye chaja. Leaf ya uniti 40 haifanyi lolote kati ya hayo. Ilipotoka, madereva wa Ulaya waligundua mwaka 2018 kwamba chaja ya kasi ya pili katika safari moja inakwenda kwa kujikokota, wakalalamika sana. Gari lilikuwa linajilinda na joto. Mimi naliunga mkono gari.

Kwa mtu wa ghorofa la nne basi: ukiwa na gari la LFP au lolote lenye mfumo wa kupoza, chajia dukani usiwe na wasiwasi. Kinachokuumiza ni bei. Ukiwa na Leaf hapa Nairobi, mara moja au mbili kwa wiki asubuhi au jioni haina neno. Tazama kipimo cha joto la betri kwenye dashibodi, kikiwa kimepanda baada ya barabara ndefu, nywa chai kwanza. (Wajapani waliounda chaja ya CHAdeMO waliliweka jina hilo kwa mchezo wa maneno: linasikika kama "vipi, tunywe chai?" Walijua.) Na ondoka kwenye 80. Juu ya hapo kasi inashuka sana, lithiamu inaanza kukosa nafasi ya kuingia kwenye grafiti vizuri, na nyuma yako kuna foleni.

Shida kubwa ya Leaf na chaja za kasi siyo kuchakaa, ni kichwa cha chaja. CHAdeMO inaachwa, Nissan wenyewe walipoiuza Ariya, gari lao jingine la umeme, Ulaya waliiwekea kichwa cha aina nyingine, CCS. Kabla hujapanga kuishi kwa chaja ya nje peke yake, pita kwenye vituo vya njia yako uhesabu kwa macho vichwa vinavyoingia kwenye gari lako.

Stima na waya

Mwaka 2023 EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, iliweka bei ya pekee ya kuchaji magari ya umeme Kenya: shilingi 16 kwa uniti, na 8 kwa saa zisizo na msongamano, kabla ya kodi na tozo. Inataka mita yake mbali na ya nyumba. Kwa gari moja la familia ni suala la kupiga hesabu. Kwa mwenye teksi mbili sioni kwa nini asite. Bahati nzuri usiku ndio pia saa za baridi, kwa hiyo taima inayookoa shilingi inaokoa na betri.

Kuna jambo moja silifanyii mzaha. Kebo nyingi zinazokuja na magari ya Japani zimekatwa kichwa na kuwekewa plagi ya pini tatu. Soketi ya ampea 13 haikutengenezwa kubeba mzigo mzito saa nane mfululizo kila usiku. Shika plagi baada ya saa moja: ikiwa vuguvugu sawa, ikiwa moto usioweza kuushika, chomoa. Usitumie ekstensheni. Mwite fundi wa umeme mwenye leseni avute laini ya gari peke yake kutoka kwenye boksi la mita, waya wa milimita 6 na swichi ya ampea 32, hata kama leo utatumia 10 tu.

Ungekuwa wewe

Nairobi, una pa kuchajia nyumbani, mfuko si mkubwa: Leaf ya uniti 40, kila usiku hadi 80, taima. Nairobi, huna pa kuchajia: gari la LFP, hata kama ni lazima usubiri mwaka mwingine upate pesa. Mombasa, Malindi, Dar: LFP, bila kubishana. Anayeendesha kilomita 200 kwa siku, kama teksi, pia LFP, popote alipo.

Ukisafiri kwenda ushago Desemba kwa basi na kuliacha gari, liache karibu na nusu, kivulini. Usiliache limechomekwa kwenye 100 kwa wiki tatu, na usiliache likiwa sifuri. Kitabu cha Leaf kinakataza kuliacha kwenye sifuri zaidi ya siku 14. Betri ndogo ya volti 12 ndiyo inayofaa kuogopewa zaidi wakati huo, maana hiyo ikifa gari haliwaki hata betri kubwa ikiwa nzima.

Na kwa Leaf ya kununua, tabia za mwenye kwanza unazinunua pia. Uliza kwenye karatasi ya mnada wa Japani gari limetoka wapi: la Hokkaido limelala kwenye baridi, la Okinawa limeota jua. Kisha chukua kifaa kidogo cha OBD, kinachochomekwa kwenye gari kusoma kompyuta yake, na programu ya simu ya LeafSpy, usome afya ya betri na idadi ya mara ilizochajiwa kwa kasi. Usiridhike na vipau 12 vya dashibodi peke yake. Kuna mafundi wanaoweza kuifuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri, ikajiona mpya: vipau vyote vinarudi, hata LeafSpy inadanganyika kwa muda. Jaza 100 mbele ya muuzaji, liendeshe kilomita 60 au 70 njia unayoijua, halafu uone limekula asilimia ngapi. Leaf nzima ya uniti 40 kwa umbali huo hula robo, ikizidi sana theluthi ukiwa umewasha kiyoyozi na kupanda milima. Ikila nusu, rudisha funguo, maana kumbukumbu iliyofutwa hujirudia kadiri gari linavyotembea, na siku vipau vikianza kuanguka utakuta muuzaji ameshabadilisha laini.